Wufa za bei nafuu: Hatari iliyojificha nyuma ya maelfu ya wati

Anayeingia barabara ya Luthuli jijini Nairobi hahitaji kuelekezwa zinakouzwa redio. Mngurumo wa besi humpokea kabla hajaliona duka la kwanza. Maboksi yamepangwa hadi milangoni, na ubavuni mwa kila boksi pameandikwa kwa herufi kubwa idadi ya wati: 5,000, 10,000, wakati mwingine hata zaidi.

Idadi hiyo ndiyo inayowavutia wateja. Ndiyo pia ishara ya kwanza kwamba mnunuzi haambiwi ukweli. Panapodanganywa kuhusu nguvu ya sauti, aghalabu vimepunguzwa pia vitu ambavyo mnunuzi havioni: unene wa waya, ubora wa transfoma, na fyuzi inayopaswa kukata umeme mambo yakiharibika.

Wufa, jina ambalo Wakenya wamelipa kasha la besi pamoja na spika zake ndogo mbili au zaidi, imechukua nafasi ya redio kaseti katika nyumba nyingi, mijini na mashambani. Kwa shilingi elfu chache familia hupata muziki, taarifa za habari, mahubiri na matangazo ya kandanda kutoka kwa chombo kimoja. Si zote zilizo mbovu. Zipo za bei ya chini zilizoundwa kwa uangalifu. Tatizo ni kwamba boksi la wufa nzuri na boksi la wufa mbovu hufanana, na mara nyingi lenye ahadi kubwa ndilo lenye kitu kidogo ndani.

Chanzo cha mkanganyiko ni herufi nne, PMPO, zinazoandamana na idadi hizo. Zinakusudiwa kumaanisha kilele cha nguvu ambacho chombo kinaweza kukifikia muziki unapochezwa, hata kama ni kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Hakuna kanuni ya kimataifa inayoeleza namna ya kukipima kilele hicho. Kila mwenye kiwanda hupiga hesabu yake, na wapo ambao, kwa hakika, hawapigi hesabu yoyote. Kipimo kinachoaminika zaidi ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila sauti kuanza kukwaruza.

Hesabu ya darasa la nane inatosha kuufichua uongo huo. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na plagi ya kawaida ya pini tatu haipaswi kupitisha zaidi ya ampea 13. Idadi hizo mbili zikizidishwa, jibu ni wati 3,120. Huo ndio upeo wa kifaa chochote kinachochomekwa katika soketi ya kawaida. Wufa ambayo kweli ingetumia wati 10,000 ingevuta takriban ampea 42. Birika la umeme linalochemsha maji kwa dakika chache hutumia wati 2,000 hivi. Kwa maneno mengine, boksi linadai kwamba kisanduku kinachobebwa kwapani kina nguvu za birika tano, ilhali waya wake ni mwembamba kuliko wa birika moja.

Ukweli huwa umeandikwa mgongoni mwa chombo chenyewe, karibu na mahali ambapo waya wa umeme huingilia. Hapo pana kibandiko kidogo kinachotaja volti, hezi 50, na kiasi cha umeme kinachotumika. Wufa iliyonadiwa kuwa ya wati 10,000 yaweza kuwa imeandikwa hapo wati 40. Amplifaya haiwezi kutoa nguvu nyingi kuliko inayopokea. Sehemu ya umeme hupotea kama joto, na katika amplifaya nyingi za muundo wa zamani hasara hiyo hukaribia nusu. Ni kweli kwamba kapasita zilizo ndani huhifadhi umeme kidogo na kuuachilia ghafla ngoma inapopigwa, hivyo kwa muda mfupi sana nguvu yaweza kukipita kiasi hicho. Lakini haiwezi kukipita mara 250.

Fundi akiifungua wufa ya aina hiyo, mara kwa mara hukuta chipu tatu au nne zinazofahamika kama TDA2030. Chipu hiyo imetumika kwa miongo kadhaa na si mbaya hata kidogo. Nyaraka zake za kiufundi zinasema hutoa takriban wati 14 kwa spika ya omu 4. Tatu zikijumlishwa hazifiki hata wati 50, nazo hizo zatosha kabisa kuijaza sebule ya kawaida na kumkera jirani. Ajabu ni kwamba mtengenezaji angeweza kuusema ukweli huo na bado akauza.

Udanganyifu huu si mpya wala si wa Afrika pekee. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ililazimika kuweka kanuni mwaka wa 1974 kuhusu jinsi nguvu za amplifaya za nyumbani zinavyopaswa kupimwa na kutangazwa, kwa sababu watengenezaji walikuwa wakishindana kuongeza sufuri. Kanuni hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2024, jambo linaloonyesha kwamba kishawishi chenyewe hakijaisha.

Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ndani kipande cha mti. Methali hiyo huifaa wufa pengine kuliko chombo kingine chochote. Makasha mengi ya bei nafuu ni ya vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi, ambalo hufura likipata unyevu na kuanza kutetema besi inapopanda. Baadhi ya spika ndogo zinazong'aa sehemu ya mbele ni mapambo matupu. Nyuma yake hakuna waya. Wengine hubandika kifuniko cha plastiki juu ya sumaku ndogo ya spika ili ionekane kubwa, au hutia kipande cha chuma au saruji ndani ya kasha, kwa kuwa wanunuzi wengi hupima ubora kwa uzito.

Hayo yote humgharimu mnunuzi pesa. Kuna upungufu mwingine unaoweza kumgharimu zaidi.

Katika wufa nyingi, umeme wa volti 240 huingia kwanza kwenye transfoma, ambayo huupunguza hadi volti 12 au zaidi kidogo kabla haujaifikia bodi ya amplifaya. Transfoma ina misokoto miwili ya waya isiyogusana. Utengano huo ndio unaomwezesha mtoto kukizungusha kitufe cha sauti bila kudhurika. Mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama hutumia waya wa alumini badala ya shaba, huupunguza unene wake, na huweka tabaka jembamba la kuhami kati ya msokoto mmoja na mwingine. Transfoma ya namna hiyo hupata joto hata chombo kikiwa kimya. Baada ya miezi au miaka, varnishi inayoufunika waya huungua, na misokoto iliyopaswa kutengana hukutana.

Transfoma nzuri huwa na kinga ya hali hiyo. Ndani ya msokoto wa kwanza hufichwa fyuzi ndogo ya joto, ambayo hukata umeme kabisa transfoma ikifikia kiwango fulani, mathalan nyujoto 130 sentigredi. Ni kitu cha bei ndogo sana. Katika baadhi ya wufa hakipo.

Umeme ukivuka, huenda popote palipo na chuma. Ndiyo maana viwango vya kimataifa hudai mojawapo ya mambo mawili. Ama sehemu zote za chuma zinazoweza kuguswa ziunganishwe na waya wa kupeleka umeme ardhini kupitia pini ndefu ya plagi, ama chombo kihamiwe mara mbili, na kikihamiwa hivyo hupigwa alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Amplifaya yenye kasha la chuma, waya wenye nyaya mbili pekee, na isiyo na alama hiyo haijatimiza lolote kati ya hayo.

Katika nyumba za mabati hatari huongezeka kwa njia ambayo watu wengi hawaifikirii. Wufa nyingi zina redio ya FM na waya mwembamba wa kunasa mawimbi, ambao mwenye nyumba huuning'iniza kwenye msumari ukutani ili stesheni isikike vyema. Waya huo umeunganishwa na bodi ya ndani. Iwapo transfoma imeharibika na bodi imepata volti 240, msumari nao hupata, na ukuta mzima wa mabati hugeuka kuwa waya wa umeme. Anayeugusa kwa nje, akiwa pekupeku kwenye ardhi yenye maji, huenda hata hajui kwamba ndani kuna muziki.

Nyumba iliyounganishwa umeme ipasavyo huwa na swichi maalumu inayokata umeme unapovuja, kwa kawaida ukifikia kiasi cha miliampea 30. Vyumba vingi vya kupanga havina.

Waya na plagi vinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko rangi ya taa za mbele. Waya nyingi zinazoandamana na vifaa vya bei nafuu ni za alumini iliyopakwa shaba, na nyingine ni za chuma kilichopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiwango cha asilimia 60 hivi ikilinganishwa na shaba, kwa hivyo waya wa unene uleule hupata joto zaidi. Waya wa chuma unaweza kutambuliwa kwa sumaku ndogo, kama ile ya kubandika karatasi kwenye jokofu. Shaba na alumini hazivutwi. Jaribio hilohilo hufaa kwa pini za plagi, ambazo zinapaswa kuwa za shaba nyeupe.

Plagi halali ya pini tatu ina fyuzi ndani, na pini mbili fupi zimevikwa plastiki nyeusi karibu na shina ili kidole kisiguse umeme plagi ikiwa nusu ndani. Pini ndefu haivikwi. Plagi ambayo hata pini yake ndefu imevikwa plastiki ni ghushi, kwa kuwa plastiki hiyo huizuia pini hiyo kuugusa waya wa ardhini. Fyuzi nayo inapaswa kulingana na chombo. Wufa ya wati 40 au hata 100 inahitaji fyuzi ya ampea 3, si ya 13 ambayo wauzaji wengi huitia kwa mazoea.

Baya zaidi ni plagi ya pini mbili. Zinapouzwa pamoja na wufa, wenye nyumba huchokora tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili matundu ya chini yafunguke, kisha huisukuma plagi ndani. Plagi hiyo haina fyuzi. Kinga pekee inayosalia ni swichi kuu ya ukutani, ambayo katika nyumba nyingi haikati umeme hadi upite ampea 30. Waya uliotengenezwa kubeba ampea 3 utawaka kama koili ya jiko la umeme kabla swichi hiyo haijatikisika, na mara nyingi waya huo huwa umepitishwa chini ya zulia au nyuma ya kochi.

Chombo kikinyamaza hupelekwa kwa fundi. Kenya ina mafundi hodari wa redio, na bila wao nyumba nyingi zingekaa kimya. Hata hivyo, kuna desturi moja inayopaswa kukomeshwa. Fyuzi ikiungua, fundi asiye mwangalifu huiunganisha kwa kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya joto iliyo ndani ya transfoma ikikatika, huifungua na kuzishikanisha ncha zake kwa risasi ya kulehemu. Wufa huimba tena siku hiyohiyo, mteja hulipa kwa furaha, na kinga pekee iliyokuwapo imeondolewa. Fyuzi huungua kwa sababu fulani, na sababu hiyo bado iko ndani.

Fundi naye hudanganywa dukani. Transista za 2SC5200 na 2SA1943, zinazotumika sana katika amplifaya kubwa, ni miongoni mwa zinazoghushiwa zaidi duniani. Kapasita nazo zimewahi kupatikana zikiwa na ganda kubwa lenye kapasita ndogo ndani yake. Redio iliyotengenezwa kwa vipuri vya namna hiyo hurudi kwa fundi baada ya wiki chache, na lawama humwangukia yeye.

Wufa nyepesi za siku hizi hazina transfoma kubwa ya chuma. Zinatumia saketi ndogo ambayo kwanza huugeuza umeme wa soketi kuwa wa takriban volti 340 za mkondo mmoja, kisha huupunguza. Mpaka kati ya upande wa hatari na upande salama ni nafasi tupu ya milimita 5 au 6 hivi kwenye bodi. Katika chaja na saketi duni nafasi hiyo huwa finyu, na tone moja la risasi au mende aliyekufa hutosha kuiziba. Kapasita kubwa iliyo upande wa hatari inaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hivyo asiye fundi hana sababu ya kukifungua chombo hicho. Mwenye chombo akihisi mtekenyo anapokigusa, huenda ni kiasi kidogo kisicho na madhara ambacho saketi za aina hii huvujisha, au huenda ni mwanzo wa ajali. Kwa vidole pekee hawezi kutofautisha, na la busara ni kuchomoa plagi.

Spika za kubebeka zinazounganishwa na simu kwa Bluetooth zimeleta suala la betri. Nyingi hutumia seli za lithiamu za umbo la mcheduara, zinazoitwa 18650 kwa kuwa zina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli bora za ukubwa huo huhifadhi umeme wa miliampea-saa 3,500 hivi. Sokoni huuzwa zilizoandikwa 9,900. Yaliyo kweli kuhusu wati ni kweli hapa pia, ila seli ya lithiamu iliyotengenezwa vibaya, au isiyo na saketi ya kuizuia kupita volti 4.2 inapochajiwa, inaweza kuwaka moto ambao ni vigumu kuuzima. Spika iliyovimba au inayopata joto kali ikichajiwa haifai kulazwa nayo kitandani.

Baadhi ya wanunuzi wamekimbilia mitumba kutoka ng'ambo, na mara nyingi hawajakosea: amplifaya ya miaka 30 ya kampuni inayojiheshimu yaweza kuwa na transfoma nzito kuliko wufa mpya nzima. Lakini vifaa vya Japani vilitengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Vikichomekwa moja kwa moja katika soketi ya Kenya huungua kwa sekunde chache, wakati mwingine kwa moshi na miale.

Serikali haijakaa bure. Tangu mwaka wa 2005 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) limekuwa na mpango wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na zinazoruhusiwa hutarajiwa kuwa na kibandiko maalumu cha bidhaa za kutoka nje. Sheria ya kukabiliana na bidhaa ghushi ilipitishwa mwaka wa 2008, na mkosaji wa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Hata hivyo, vibandiko vyenyewe vimewahi kughushiwa, na chombo kinachoiga jina la kampuni mashuhuri kwa kubadilisha herufi moja hakikosi kibandiko. Ukaguzi wa bandarini hauwezi kuiona fyuzi isiyokuwepo ndani ya transfoma iliyofungwa.

Kwa hivyo mzigo mkubwa humwangukia mnunuzi akiwa dukani. Anaweza kuomba kuusoma mgongo wa chombo kabla ya kulipa, na kutafuta wati zinazotumika, alama ya mraba ndani ya mraba, na jina la mtengenezaji lenye anwani. Anaweza kuomba wufa ichezwe kwa nusu saa, kisha aweke kiganja upande wa nyuma. Joto la kawaida halina neno. Harufu ya varnishi au plastiki inayoungua ina neno. Sauti ikianza kukwaruza kabla kitufe hakijafika nusu, chombo hicho tayari kimefikia mwisho wa uwezo wake, na kukilazimisha kutaziunguza spika.

Risiti nyingi za mitaa hiyo zimepigwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wanunuzi wengi huusoma na kukata tamaa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na fidia anapopata hasara. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inaeleza kwamba haki zilizomo haziondolewi na makubaliano yoyote yanayoenda kinyume nazo, na malalamishi kuhusu madai ya uongo yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Mlalamishi atatakiwa kuwa na risiti, na lile boksi lenye idadi ya wati.